Peter Gabriel: Wimbo Mfupi Una Dhambi Gani?

Kwa muda wa miaka mingi sasa wapenzi wa mwimbaji wa Kiingereza, Peter Gabriel, wamekuwa wakishindana juu ya jambo moja, wala hawajamalizana. Swali lao ni hili: katika nyimbo zake fupi, zile za popu zilizopigwa katika kila redio, ni upi ulio bora? Mtu asiyewajua atadhani huu ni mchezo wa kupitisha wakati, kama mabishano ya timu za mpira barazani. Lakini ukiwategea sikio utatambua kwamba chini ya swali hilo limelala swali jingine lenye uzito zaidi. Je, fundi aliyejulikana kwa kazi ndefu na ngumu, anapogeukia wimbo wa dakika nne ambao hata mpita njia anauimba, amepanda au ameshuka?

Ndugu msomaji, swali hilo kwetu pwani si geni. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, ndiye wataalamu wanayemtaja kuwa alilitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni. Mbele yake palikuwa na tenzi za mamia ya beti, za dini na za vita. Yeye akatunga ubeti mmoja, akatunga miwili, juu ya mambo ya mtaani, ya mapenzi, ya siasa ya mji na ya wakopaji wasiolipa. Bila shaka walikuwako waliokunja nyuso. Leo hakuna mwenye akili anayesema kwamba Muyaka aliuharibu ushairi.

Sasa tumtazame huyu Gabriel. Alizaliwa mwaka 1950 katika jimbo la Surrey, akasomeshwa katika skuli ya watoto wa matajiri iitwayo Charterhouse. Huko, mwaka 1967, yeye na wenziwe waliunda kikundi kilichokuja kujulikana kwa jina la Genesis. Muziki wao uliitwa roki ya progresivu, yaani roki isiyotaka kukaa mahali pamoja. Wimbo mmoja huanza kwa gitaa la polepole, ukageuka vita, ukageuka mchezo wa kuigiza, kisha ukarudi ulikoanzia. Wimbo wao wa mwaka 1972, "Supper's Ready", unachukua dakika 23, karibu upande mzima wa sahani ya santuri. Mwaka 1974 walitoa sahani mbili kwa pamoja zenye kisa kimoja tu, cha kijana wa Kipuerto Riko apoteaye chini ya mji wa New York. Gabriel akipanda jukwaani huku amevaa kichwa cha mbweha na gauni jekundu, au amejifanya ua. Wapenzi wa muziki huo walikuwa wakisikiliza kwa makini, kimya, kama watu walio darasani.

Hao ndio waliokuja kulia alipoanza kuimba nyimbo fupi. Lakini wanasahau jambo moja. Genesis walianza kama watungaji wa nyimbo fupi! Sahani yao ya kwanza ndefu, ya mwaka 1969, ilisimamiwa na Jonathan King, mtu wa popu mtupu, na ndani yake mna nyimbo za dakika tatu tatu. Haikuuzika. Inasimuliwa kwamba kwa sababu ya jina lake, "From Genesis to Revelation", baadhi ya maduka yaliiweka kwenye rafu za nyimbo za kanisa. Kwa hivyo Gabriel hakupotea njia akaingia katika popu. Alikuwa anarudi nyumbani, na safari hii alikuwa na elimu.

Aliihama Genesis mwaka 1975. Sababu zilikuwa nyingi, na mojawapo ni kwamba mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwaka 1974 katika hali ya hatari, naye akaona kazi ya kikundi haimpi nafasi ya kuwa baba. Mwaka 1977 akatoa wimbo wake wa kwanza akiwa peke yake, "Solsbury Hill", jina la kilima kilicho karibu na mji wa Bath. Wimbo ukafika nambari 13 Uingereza. Unasimulia mtu aliyepanda kilimani usiku, akajiwa na wito wa kuyaacha yote aliyoyazoea. Kila mtu alielewa ni nani anayesemwa.

Hapa nataka tukae kidogo, maana hapa ndipo penye siri. Hesabu ya wimbo wa kawaida wa popu ni nne, nne, nne, kama mtu anayetembea. Wimbo huu hesabu yake ni saba, isipokuwa mahali padogo mwishoni mwa kiitikio. Jaribu kutembea kwa hesabu hiyo. Ukianza na mguu wa kulia, duru ya pili itakukuta unaanza na wa kushoto. Sisi tunaotunga kwa mizani tunajua adhabu ya kupungukiwa na moja. Shairi letu la kawaida lina mizani nane kwa nane katika kila mshororo. Mtu akitupa saba, sikio linasikia chechemeo kabla akili haijahesabu, na wajuzi barazani wanatazamana. Gabriel amelitia chechemeo hilo makusudi katika kila mshororo, na watu wamelicheza katika sherehe miaka yote hii pasi na kugundua. Ile mizani iliyopungua ndiyo inayoisukuma sauti mbele, kama mtu anayeteremka kilima miguu ikimtangulia. Na wimbo wenyewe unahusu nini? Unahusu mtu anayeondoka! Umbo na maana vimevaa nguo moja.

Kundi la pili katika ushindani huu linaushika "Games Without Frontiers" wa mwaka 1980, uliofika nambari 4 Uingereza. Ni wimbo juu ya mataifa yanayogombana mfano wa watoto, na jina lake limetoholewa kutoka mchezo wa televisheni wa Ulaya ambao miji ilishindana kwa upuuzi mbalimbali. Kate Bush anasikika nyuma akilirudia jina la mchezo huo kwa Kifaransa. Umo katika sahani ambayo Gabriel aliwakataza wapiga ngoma wake wasiguse matuwazi hata mara moja. Mmoja wao alikuwa Phil Collins, mwenziwe wa zamani wa Genesis. Katika kuirekodi sahani hiyo, mafundi wa studio walipata ule mlio wa ngoma unaovimba kisha ukakatwa ghafla kama mlango uliofungwa kwa nguvu. Mwaka uliofuata Collins aliuchukua mlio huo akaupeleka katika wimbo wake "In the Air Tonight", na baada ya hapo karibu kila ngoma ya miaka ya 1980 ililia hivyo. Basi mlio uliotawala popu ya dunia ulizaliwa katika majaribio ya watu wa roki ngumu. Wale wanaojenga ukuta baina ya muziki huu na huu watuambie ukuta huo unapita wapi.

Wengine huutia katika orodha "Biko" wa mwaka huohuo, juu ya Steve Biko aliyefariki mikononi mwa polisi wa Afrika Kusini mwezi Septemba mwaka 1977. Mimi siafiki. Wimbo huo ni mkubwa, tena ulipigwa marufuku na serikali ya makaburu, lakini ni marthiya. Marthiya haishindanishwi na nyimbo za kuchezea.

Tuje kwenye kishindo chenyewe. Mwaka 1986 Gabriel alitoa sahani ndefu iitwayo "So". Nne zilizotangulia zote zilikuwa na jina moja tu, Peter Gabriel, kama magazeti yenye tarehe tofauti. Hii iliuza zaidi ya milioni 5 Marekani peke yake. Ndani yake mlikuwa na "Sledgehammer", nyundo kubwa ya kuvunjia mawe, na mnamo tarehe 26 Julai mwaka huo wimbo huo ukafika nambari moja Marekani. Uliuondoa wimbo gani? "Invisible Touch" wa Genesis, kikundi alichokihama miaka kumi na moja nyuma! Lau ingekuwa riwaya, mhariri angemwambia mwandishi apunguze chumvi.

Maneno ya "Sledgehammer" ni mafumbo ya mapenzi yasiyofichwa sana. Bibi yeyote wa pwani aliyezoea vijembe vya harusini angeyafumbua kabla ubeti wa pili haujakwisha. Filamu yake fupi ilitengenezwa picha baada ya picha, Gabriel amelala chini ya kioo huku matunda, samaki na vinyago vikitembezwa juu ya uso wake, nayo ikapata tuzo tisa za MTV mwaka 1987. Watu wa roki ngumu husema hapa ndipo alipojiuza. Mimi nasema hawajasikiliza tarumbeta. Gabriel alipokuwa kijana, mwaka 1966, alikwenda Brixton, mtaa wa London, kumsikiliza Otis Redding, mwimbaji mweusi wa Marekani. Usiku huo hakuusahau. Miaka ishirini baadaye, alipotaka tarumbeta za wimbo huu, alimwita Wayne Jackson wa Memphis, ambaye alikuwa mpigaji wa Otis mwenyewe. Huyo ni mwanafunzi anayekwenda kumlipa mwalimu wake ada ya zamani, wala sioni biashara ya haya ndani yake. Walakini sitaupa nambari ya kwanza, kwa kuwa ukiondoa furaha ya kishindo chake, hakuna kinachokurudisha kuutafakari.

Nami nina neno na wale wanaomlaani Phil Collins kwa kuifanya Genesis kikundi cha popu, halafu wakamsamehe Gabriel kwa kosa lilelile, mwaka uleule, wiki zilezile. Mizani mbili katika duka moja si haki.

Katika sahani hiyo mna pia "Don't Give Up", alioimba na Kate Bush, juu ya mtu aliyepoteza kazi na mke anayemtuliza. Picha za wakulima maskini wa Marekani wa miaka ya 1930, alizozipiga Dorothea Lange, ndizo zilizomtia fikra, naye akazifananisha na ukosefu wa kazi wa Uingereza ya zama za Thatcher. Ni wimbo mzuri, ingawa unakwenda polepole mno kuitwa popu. Wanaoupenda wanaupenda kwa sababu uliwakuta siku mbaya, na hoja ya namna hiyo haina jibu.

Lakini wimbo unaonigusa zaidi katika "So" ni "In Your Eyes". Mwishoni mwake anaingia Youssou N'Dour wa Senegal, anaimba kwa Kiwolofu, sauti ikipanda juu kama ya muadhini mwenye pumzi. Gabriel ameeleza kwamba alivutiwa na nyimbo za Kiafrika ambazo maneno yake ya mapenzi yaweza kuelekezwa kwa mwanamke, na yaweza kuelekezwa kwa Mungu, msikilizaji asijue ni lipi. Wazungu wengi walilishangaa jambo hili. Sisi tuliopitia chuoni na kwenye maulidi tutashangaa nini? Ni kasida ngapi zinazotaja macho ya mpenzi, kukesha, kiu na kutengana, na asiye na elimu akadhani mtungaji anamlilia binti wa jirani? Youssou mwenyewe ni Mwislamu, mtu wa tarika ya Murid, na mwaka 2004 alitoa sahani nzima, "Egypt", ya kuwasifu masheikh wa Senegal, akapata nayo tuzo ya Grammy mwaka 2005. Kwa hivyo hakuwa pambo katika wimbo wa Gabriel. Aliingia na mlango wake mwenyewe.

Jambo la kuchekesha ni kwamba Gabriel akiuimba wimbo huo mbele ya watu, huurefusha mpaka ukapita dakika kumi, kila mpigaji akapewa nafasi yake. Mashabiki sasa wanabishana kama bado ni popu au umekwisha kurudi kule kule kwa akina "Supper's Ready".

Hapa, msomaji, ndipo ubishi huu unapotuhusu hata sisi tusiojali nani alipanda nambari gani London. Mwaka 1982 Gabriel na wenziwe waliandaa tamasha la muziki wa dunia, WOMAD, huko Shepton Mallet, Uingereza. Waliwaleta, miongoni mwa wengine, wapiga ngoma wa Burundi. Sifa zilikuwa nyingi, fedha zikawa hakuna. Deni likawa kubwa hata wadai wakaanza kutoa vitisho. Ndipo Genesis, wale aliowaacha, walipokubali kupiga naye usiku mmoja tu, tarehe 2 Oktoba mwaka huo, katika uwanja wa Milton Keynes, mvua ikiwamwagikia, ili deni lilipwe. Gabriel aliletwa jukwaani ndani ya jeneza. Kwa wapenzi wa muziki mrefu ile ilikuwa siku tukufu, na naona ni haki kuwakumbusha kwamba muziki wao mrefu ndio ulioiokoa WOMAD mara hiyo.

Lakini kilichojenga kitu cha kudumu ni zile nyimbo fupi. Fedha za "So" zilimwezesha kujenga studio katika kinu cha zamani kijijini Box, si mbali na Bath, na mwaka 1989 ikazaliwa kampuni ya santuri ya Real World. Mwaka uleule wa kwanza kampuni hiyo ilitoa "Songs for the Poor Man" ya Remmy Ongala na kikundi chake Super Matimila, na ndani yake "Kipenda Roho". Remmy, mzaliwa wa Kongo aliyefanya Dar es Salaam nyumba yake mpaka alipofariki mwaka 2010, aliimba kwa Kiswahili. Mwaka 1993 ikafuata sahani ya Ayub Ogada, mpiga nyatiti aliyezaliwa papa hapa Mombasa, ambaye kabla ya hapo alikuwa akipiga chini ya ardhi, katika vituo vya treni vya London, akingojea sarafu za wapita njia. Wimbo wake "Kothbiro" ulisikika duniani kote katika filamu "The Constant Gardener" ya mwaka 2005. Mgogo wa Tanzania, Hukwe Zawose, naye alirekodiwa na kampuni hiyohiyo. Kadhalika Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistan, bingwa wa kawali, ambaye wengi nje ya Bara Hindi hawakupata kumsikia kabla ya hapo.

Najua wako wanaouliza kwa nini mwanamuziki wetu asubiri kinu cha Mwingereza ndipo ajulikane, na ni nani anayekula faida ya santuri za namna hii. Swali hilo ni halali, na lielekezwe pia kwa wenye fedha wa hapa kwetu, ambao kwa miaka mingi waliziacha kanda za taarabu zikanakiliwa mitaani, mtungaji asipate hata senti. Lakini asiyetaka "Sledgehammer" itungwe, kwa kuwa ni wimbo mwepesi, aelewe kwamba anakata na tawi alilokalia Remmy.

Nasi tuna mfano wetu wa karibu zaidi. Marehemu Juma Bhalo alizoeleka kwa kuchukua lahani za filamu za Kihindi, lahani ambazo kila mtoto alizijua kutoka sinema, akazitilia maneno mazito, mengine yakiwa ya binamu yake, mshairi Ahmad Nassir. Mwenye kutaka kucheza akacheza, mwenye kutaka kufumbua akafumbua. Sijasikia mtu akisema kwamba maneno yalipungua uzito kwa sababu lahani ilikuwa nyepesi.

Ubishi wa wapenzi wa Gabriel ulipata kuni mpya mwaka 2023. Baada ya miaka 21 bila sahani mpya ya tungo zake mwenyewe, alitoa "i/o", na akafanya jambo ambalo sisi tunaohesabu miezi kwa kuandama tulilifurahia. Hakuzitoa nyimbo zote kwa pamoja. Alitoa mmoja katika kila mwezi mpevu, usiku ule tunaouita wa kumi na nne, kuanzia tarehe 6 Januari kwa wimbo wa "Panopticom" hadi nyimbo zikatimia kumi na mbili. Tena kila wimbo aliutoa kwa namna tofauti, ikiwamo ya upande wa mwangaza na ya upande wa giza, kila namna ikiwa imechanganywa na fundi wake, moja ya hizo mbili ikitangulia na iliyobaki akiitoa mwezi unapokuwa mpya. (Mwezi mpya wa wanajimu, si wetu wa kuonekana kwa macho, wao hawana haja ya mashahidi.) Sahani nzima ikatoka tarehe 1 Desemba, ikafika nambari moja Uingereza. Mzee wa miaka 73!

Basi sasa mashabiki wana mlango mpya wa kugombania. Wengine wanaapa kwa mwangaza, wengine kwa giza, na kelele zao zinanikumbusha mji wetu usiku wa tarehe 29 Shaabani. Wanaopenda popu wanaushika "Road to Joy", wenye mdundo wa miguu, ambao wengine wanauona nduguye "Sledgehammer" aliyezeeka. Wanaopenda kazi nzito wanaushika "Playing for Time", juu ya kumbukumbu na umri.

Na mimi, nikitakiwa kupiga kura, kura yangu ni kwa "Solsbury Hill". "In Your Eyes" una maana pana zaidi, nakiri, lakini maana hiyo Gabriel aliikuta imekwisha chimbwa na masheikh na washairi wa karne nyingi. Ile saba iliyofichwa ndani ya wimbo wa kuchezea ni yake. Dakika nne na nusu hivi, mtu mmoja, kilima kimoja, na hakuna mbweha wala gauni jekundu. Alichohitaji dakika 23 kukisema mwaka 1972, kwamba mwanadamu huitwa kutoka alipo akaenda asikokujua, hapa amekisema kabla chai haijapoa. Rafiki yangu mmoja, mpenzi wa Genesis wa tangu zamani, amekataa katakata. Anasema dakika 23 zile zilikuwa na haki yake, na kwamba mimi, kwa kuwa hutunga beti tano tano za gazetini, ni shahidi mwenye maslahi.